Kamera Kubwa na Mafundi wa Pwani

Utangulizi

Tunapoutaja utamaduni wa taifa letu, ndimi zetu huwahi kutaja ngoma, ushairi, uchongaji wa milango, uundaji wa majahazi na ususi wa mikeka. Sanaa ya kupiga picha mara nyingi huachwa nje. Hoja inayotolewa ni kuwa chombo chake kililetwa na wageni, na kwa hiyo si chetu. Lakini hati ya Kiarabu, iliyozibeba tenzi zetu kwa karne kadhaa, nayo ilitoka ng'ambo; wala hapana mtu anayethubutu kuzitoa tenzi hizo katika hazina ya taifa kwa sababu ya herufi zilizoandikiwa. Chombo huwa cha watu pale watu wanapofundishana wao kwa wao namna ya kukitumia, na wanapokitumia kuyasema mambo yao.

Insha hii yakusudia kueleza jinsi kamera kubwa ilivyoingia katika pwani ya Afrika Mashariki, hasa Unguja, na jinsi ufundi wake ulivyorithishwa. Jambo litakalodhihirika ni hili: kamera hiyo ilishindwa ilipokuwa msafiri, ikafaulu ilipopata makao, fundi na mwanagenzi. Kijana wa leo anayetaka kuianza kazi hiyo atapata somo katika historia hii. Na sisi sote tuna deni ndani yake, kama itakavyoonekana.

Kamera kubwa ni chombo gani

Vijana wengi wa leo wamezaliwa wakaikuta kamera imekaa ndani ya simu, kwa hiyo yafaa tueleze. Kamera kubwa ni chombo cha mbao chenye kuta mbili zilizounganishwa kwa mfuko wa ngozi au kitambaa, unaokunjuka na kukunjika kama mvukuto wa mhunzi. Ukuta wa mbele hubeba lenzi. Ukuta wa nyuma hubeba kioo kilichokwaruzwa kikawa na ukungu. Chombo chote husimama juu ya miguu mitatu. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi, akaitazama sura inayoingia katika kioo kile. Naye huiona imepinduka, kichwa chini na miguu juu, kulia kukawa kushoto. Akisha kuridhika, hutia nyuma ya kamera kisanduku bapa chenye sahani iliyopakwa dawa inayogeuzwa na nuru. Hufungua lenzi kwa kipimo alichokikadiria, kisha huifunga. Sahani moja hutoa picha moja tu.

Zamani sahani hiyo ilikuwa ya kioo. Baadaye ikawa kipande cha filamu. Vipimo vinavyotumika zaidi sasa ni inchi 4 kwa 5 na inchi 8 kwa 10. Mwalimu wa hesabu aweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hapa: filamu ya kamera ndogo iliyozoeleka ni milimita 24 kwa 36. Wakipiga hesabu ya eneo wataona kuwa sahani ya inchi 4 kwa 5 ni kubwa mara 15 hivi kuliko filamu hiyo, na ile ya inchi 8 kwa 10 ni kubwa mara 60 hivi. Ukubwa huo ndio unaoipa picha uwezo wa kuhifadhi mambo madogo madogo. Katika picha nzuri ya mlango wa Mji Mkongwe mtazamaji aweza kuhesabu misumari ya shaba na kuifuata nakshi tangu kizingiti hata juu. Kwa mwanahistoria, picha ya namna hiyo ni waraka.

Kamera ilipokuwa msafiri

Ufundi wa Louis Daguerre wa kunasa sura juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839. Haikupita hata miaka kumi kabla haujafika kwetu. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyezunguka katika pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, alichukua picha za aina hiyo. Zilichorwa upya kwa ajili ya kupigwa chapa, zikatoka pamoja na kitabu chake mwaka 1856. Picha hizo ni miongoni mwa za kwanza kabisa kupigwa katika upande huu wa Afrika. Hata hivyo zilikuwa picha za mpita njia. Meli ilipotweka, na ufundi ulitweka nayo.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alieleza njia mpya ya kutumia sahani ya kioo. Njia hii ilitoa picha hasi, yaani kioo ambacho penye weupe huwa peusi na penye weusi huwa peupe, na kutoka katika kioo hicho kimoja fundi aliweza kutoa nakala nyingi za karatasi. Lakini ilikuwa na sharti gumu: sahani ilibidi ipakwe dawa, ipigwe picha na kusafishwa kabla haijakauka, nayo kazi ya kuipaka na kuisafisha ilitaka giza. Kwa hiyo mpiga picha aliyekuwa safarini alilazimika kuchukua hema la giza na chupa za dawa kila aendako.

Tuutazame mfano wa James Augustus Grant, aliyefika Unguja mwaka 1860 pamoja na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chimbuko la mto Nile. Alipokuwa Unguja, Grant alipiga picha kadhaa, zikiwemo za soko la watumwa. Walipovuka kwenda bara na kuingia Uzaramo, mambo yalibadilika. Speke ameandika kuwa joto alilolivumilia mwenziwe ndani ya hema lile dogo, akitayarisha na kusafisha sahani, lingemwua upesi. Kamera ikaachwa, Grant akashika penseli na karatasi. Basi msafara uliokusudia kuuambia ulimwengu habari za mto mkubwa ulishindwa kubeba kamera hata safari haijafika mbali na pwani. Chombo kilikuwepo, dawa zilikuwepo, na mtu wa kuzitumia alikuwepo. Kilichokosekana ni makao, pamoja na mtu wa kumweleza mgeni tabia ya nuru, joto na maji ya nchi hii.

Kamera ilipopata makao

Mambo mawili yaliigeuza hali hiyo. La kwanza ni la kiufundi. Mwaka 1871 Richard Leach Maddox, tabibu wa Uingereza, alieleza sahani kavu iliyopakwa jelatini. Katika miaka iliyofuata sahani za aina hii ziliuzwa zikiwa tayari ndani ya maboksi, na fundi akapata nafasi ya kupiga picha leo na kuisafisha kesho.

La pili ni la kijamii. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Unguja ilikuwa njia panda ya biashara ya Bahari ya Hindi. Miongoni mwa waliohamia walikuwa Wagoa, watu wa Goa iliyokuwa koloni la Wareno katika Bara Hindi. Wengi wao walikuwa makarani, washonaji, wapishi na wenye maduka. Baadhi yao walifungua maduka ya picha. A. C. Gomes ndiye anayetajwa zaidi katika waanzilishi hao. Baada yake yakavuma majina ya ndugu Coutinho na ya Pereira de Lord. Picha zao za mji, za bandari na za watu zilisambaa ulimwenguni kwa njia ya kadi za posta.

Duka lilikuwa na chumba cha giza kisichohamahama, mtungi wa maji, dirisha lililochaguliwa na pazia la nyuma. Zaidi ya hayo, lilikuwa na mlango uliofunguliwa kila siku, na mahali penye mlango wa namna hiyo hapakosi kijana wa kusimama akitazama. Hivyo ndivyo ufundi unavyohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Ushahidi ulio wazi ni Ranchhod Oza. Alijifunza kazi katika duka la akina Gomes, na mwaka 1930 akafungua duka lake mwenyewe mjini Unguja, likaitwa Capital Art Studio. Mwanawe Rohit akajifunza kwake na kulirithi. Hapa tunaona mlolongo wa fundi kwa mwanagenzi, baba kwa mwana, uliovuka enzi za sultani, ukavuka Mapinduzi ya 1964, ukafika katika karne hii ya 21. Hakuna chuo cha picha kilichoujenga mlolongo huo. Ulijengwa na uanagenzi.

Uanagenzi ulivyokuwa

Uanagenzi si neno geni kwetu. Mjenzi wa majahazi, mhunzi, mchonga milango na mshona kofia wote wameupitia. Kijana huanza kwa kutumwa, akaendelea kwa kutazama, kisha hupewa kazi ndogo asiyoweza kuiharibu sana. Siku ya kuhitimu humpa mwalimu wake kilemba, yaani tunzo ya shukurani, ndipo naye akahesabiwa fundi.

Kazi ya kamera kubwa ililingana sawasawa na utaratibu huo, kwa kuwa hatua zake zimegawanyika. Kulikuwa na kufuta vioo mpaka visibaki na alama ya kidole. Kulikuwa na kupima dawa kwa mizani, na kuchuja maji. Kulikuwa na kuziweka sahani juani pamoja na karatasi ya picha, na kuchungulia kama karatasi imekolea. Kulikuwa na kurekebisha picha hasi kwa ncha ya penseli iliyochongwa kama sindano, ili kulainisha makunyanzi ya uso; kazi hiyo ilitaka mkono mtulivu kuliko wa mwandishi wa hati. Mwisho wa yote kulikuwa na kuingia chini ya kitambaa cheusi na kuamua.

Kipimo cha nuru ndicho kilichokuwa elimu ya ndani. Kabla vyombo vya kupimia havijaenea, fundi aliyakadiria mwanga kwa jicho na kuhesabu sekunde kwa mdomo. Elimu hiyo haikuandikika. Mwanagenzi aliipata kwa kusimama kando ya mwalimu siku baada ya siku, akalinganisha mbingu ya leo na ya jana, na hesabu ya mwalimu na sura iliyotokea kwenye sahani. Tena sahani ilikuwa ghali. Kila kosa lilikuwa na bei yake. Ndiyo maana kamera hii ilimfundisha mtu subira kabla ya kumfundisha jambo jingine lolote.

Mahali nako ni mwalimu

Pamoja na fundi, mwanagenzi alikuwa na mwalimu wa pili asiyesema, naye ni mahali. Vitabu vya Ulaya vilimshauri mwenye duka aweke dirisha lake kubwa upande wa kaskazini, kwa kuwa huko jua haliingii moja kwa moja. Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Hapa jua hupita upande wa kaskazini tangu mwezi Machi hata mwanzoni mwa Oktoba, na upande wa kusini katika miezi iliyosalia. Fundi aliyefuata kitabu neno kwa neno angepigwa na jua usoni kwa miezi saba. Ilimpasa kujua miezi ya kusi na miezi ya kaskazi kama anavyoijua nahodha.

Saa nazo zilikuwa na somo lake. Saa sita mchana jua la kwetu husimama utosini, macho ya mtu yakaingia kivulini kama mashimo. Lakini katika vichochoro vya Mji Mkongwe, jua halifiki chini kwa muda mrefu wa siku. Hupiga ukuta mweupe wa chokaa upande mmoja, na ukuta ule huirudisha nuru ikiwa imelainika juu ya watu waliokaa barazani upande wa pili. Nuru hiyo hainunuliwi.

Majengo marefu nayo yalidai ujuzi. Ukiinua pua ya kamera kulitazama ghorofa, kuta huonekana kana kwamba zinaangukiana nyuma. Kamera kubwa hutatua shida hii kwa njia rahisi: sanduku lote husimama wima, bali ubao wa lenzi pekee ndio unaopandishwa juu. Kuta hubaki wima kama mjenzi alivyozikusudia. Na maji yalikuwa na desturi yake. Dawa za kusafishia zilipangwa zitumike katika nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi, hali maji ya pwani huwa ya moto kuliko hayo, na jelatini hulegea katika maji ya moto. Mafundi wa nchi za joto walitumia shabu kuigandisha, na wakapendelea kusafisha picha usiku au alfajiri.

Thamani ya ujuzi huu yaonekana tukitazama picha za Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Forodhani mwaka 1883. Picha za zamani zaonyesha mnara ukisimama peke yake mbele ya jumba. Mnara huo uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na baadaye jumba likajengewa mnara wa saa katika uso wake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya uso huo, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka na kuua watu. Fundi atakayetaka kujua nguzo zilikaaje na roshani zilipambwaje hatakuwa na shahidi bora kuliko sahani zilizopigwa na watu waliojua kuiweka kamera wima.

Majina yaliyopotea

Hapa ndipo penye deni. Nyuma ya kadi ya picha ya zamani pamepigwa jina la mwenye duka. Jina la kijana aliyefuta kioo, akapima dawa na kushika pazia halipo. Na mbele ya kadi, chini ya sura ya mwanamke aliyevaa leso yake, hapakuandikwa jina lake bali kabila lake tu, kana kwamba ni ndege aliyetajwa katika kitabu cha wanyama. Hali ya kisheria ya utumwa haikufutwa Unguja mpaka mwaka 1897. Katika picha zilizopigwa kabla ya mwaka huo, hatuna budi kujiuliza kama aliyesimama mbele ya kamera alikuwa na uwezo wa kukataa.

Kadiri kamera ilivyozoeleka, hali ilibadilika. Mwananchi aliingia dukani kwa miguu yake, akalipa fedha yake, akachagua nguo yake na namna ya kukaa. Mombasa, katika duka la N. V. Parekh lililofunguliwa mwaka 1942, maarusi, ndugu na marafiki walikuja kupigwa picha walivyotaka kuonekana. Picha ikawa ya anayepigwa.

Mwanafunzi asome picha za kale kwa hadhari nyingine pia. Sahani za mwanzo ziliiona sana rangi ya buluu, lakini nyekundu hazikuiona ila kidogo sana. Mbingu hutoka nyeupe tupu, na kitambaa chekundu hutoka cheusi. Asije mtu akaandika kuwa bibi zetu walivaa nguo nyeusi, kumbe leso ilikuwa nyekundu.

Sehemu kubwa ya hazina hii iko mbali nasi. Picha za Mjerumani Walther Dobbertin, aliyekuwa na duka la picha Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20, zimo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Humphrey Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki. Zilizobaki kwetu zimo katika Nyaraka za Taifa huko Unguja, na nyingine katika masanduku ya jamaa. Kioo huvunjika, na ukungu wa pwani hula jelatini.

Kwa anayetaka kuanza leo

Huenda msomaji kijana akauliza: je, kazi hii yaweza kuanzwa leo? Yawezekana. Vipande vya filamu vya inchi 4 kwa 5 na inchi 8 kwa 10 vingali vikitengenezwa Uingereza na Marekani, ingawa bei yake si ndogo. Lakini shule haihitaji kuanza na filamu. Chukueni kopo au sanduku lisilopenya mwanga, mlipake rangi nyeusi ndani. Toboeni upande mmoja, na juu ya tundu bandikeni kipande cha bati laini kilichotobolewa kwa ncha ya sindano. Katika chumba chenye taa nyekundu, tieni ndani karatasi ya picha mkabala na tundu, mlifunge. Litulizeni juani mbele ya jengo la shule. Dakika moja au kadhaa zatosha. Mkiisafisha karatasi hiyo mtaona picha hasi, kubwa kama sahani za akina Gomes. Mwalimu wa fizikia ataeleza kwa nini imepinduka. Mwalimu wa kemia ataeleza chumvi za fedha.

Baada ya hapo mtafuteni fundi. Katika miji yetu wangali wako wazee waliofanya kazi katika maduka ya picha enzi za filamu. Nendeni kwao kwa adabu, mkatazame mikono yao kabla ya kuwauliza maswali. Kisha chagueni mahali pamoja karibu nanyi: mlango, mbuyu, gati, msikiti wa kale au soko. Rudini hapo asubuhi na jioni, masika na kiangazi, mpaka mjue nuru yake. Mcheza kwao hutunzwa. Anayejifunza mbele ya ukuta wa mtaa wake atapiga picha asizoweza kupiga mgeni mwenye kamera ya thamani.

Na kila mpigapo picha ya mtu, mwombeni ruhusa, mkaandike nyuma yake jina lake, mahali na tarehe. Andikeni pia jina la aliyeshika pazia.

Hitimisho

Tumeona kuwa kamera kubwa ilipita pwani yetu mara kadhaa bila kuacha mwanafunzi, mpaka ilipotulia dukani. Tangu hapo ilirithiwa kama zinavyorithiwa fani zetu nyingine, kwa mkono, kwa jicho na kwa subira. Kazi iliyo mbele ya walimu ni nyepesi kuanza: wawatume wanafunzi nyumbani kuuliza ni nani waliomo katika picha za ukutani na masandukuni, na ni nani aliyezipiga, maadamu wazee wanaozijua sura hizo wangali hai. Majibu yaandikwe kwa penseli laini nyuma ya picha, na nakala yake iwekwe katika maktaba ya shule.